Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni mjini Winnipeg, Kanada, kwenye mkutano wa wanafunzi na wafanyakazi wa afya wanaozungumza Kiswahili. Wengi walikuwa zamu na wameomba kuisoma, kwa hiyo naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Wanangu, hamjambo? Na ndugu zetu wa Bukavu na Uvira, jambo yenu.

Kabla sijasema lolote, kila mmoja ashike glasi ya maji iliyo mbele yake. Haya, kunyweni. Matamu, siyo? Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia maji ya kisima yenye chumvi, kwa hiyo maji ya mji huu nayasifu bila kulipwa. Mnajua yanatoka wapi? Yanatoka Shoal Lake, ziwa lililo mpakani mwa mkoa wetu wa Manitoba na mkoa wa Ontario, kilomita 150 hivi kutoka hapa tulipokaa. Mfereji wake ulikamilika mwaka 1919. Kazi ile ya kuleta maji ilikitenga kijiji cha Waanishinaabe, taifa mojawapo la wenyeji wa asili, kiitwacho Shoal Lake 40, kikabaki kama kisiwa. Mji ukapata maji. Na kijiji chenye ziwa? Kijiji kiliwekewa amri ya kuchemsha maji mwaka 1997, na amri hiyo haikuondolewa mpaka 2021. Miaka 24. Mtoto aliyezaliwa siku amri ilipotoka alikuwa mtu mzima alipokunywa maji ya bomba kwao bila hofu.

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunasema hivyo kwa furaha, maana mgeni akija kuku atachinjwa, na mwenyeji naye ataonja mchuzi ambao siku nyingine asingeuona. Leo nataka tuuweke msemo huo juu ya ardhi hii. Mgeni alikuja. Alikuja na dawa, na daktari, na hospitali. Je, mwenyeji alipona?

Na sisi humu ndani ni nani? Ni wageni pia, hata wenye uraia. Tena ni wageni tuliovaa sare za hospitali. Wenyeji ni Waanishinaabe, Wacree, Wadakota, Wamétis, Wainuit na wengine. Shuleni kwetu tulifundishwa kuwaita "Wahindi Wekundu". Naomba jina hilo tuliache hapo mlangoni pamoja na viatu vya theluji.

Wanangu mnaosoma udaktari na uuguzi, somo la kwanza wodini ni lipi? Si ni kuchukua historia ya mgonjwa? Maumivu yalianza lini, umewahi kulazwa, kwenu kuna mwenye kisukari? Tunauliza, tunaandika, tunageuza ukurasa. Swali langu ni dogo tu: historia hiyo mnaianzia wapi? Mimi kwa muda mrefu niliianzia pale mgonjwa alipoingia mlangoni. Nikakosea, na kosa lenyewe nitalisema mbele yenu.

Nilikuwa na miezi minane katika kazi. Hospitali siitaji. Alikuwapo bibi mmoja wa Kicree kutoka kaskazini, ana kisukari, ana kidonda mguuni kilichoanza kutoa harufu. Kila akiambiwa alazwe, anavaa koti lake, anaondoka. Tulipokabidhiana zamu nikaambiwa, "Huyu mbishi. Ndivyo walivyo." Kesho yake nikampata mwanafunzi wa kumfundisha, nikamwambia maneno yaleyale. Nilimrithisha, kama mzazi anavyomrithisha mwanawe shamba. Lugha ya yule bibi sikuijua. Kwao sikuweza kupaonyesha kwenye ramani. Lakini "ndivyo walivyo" nilikuwa nimeshaihifadhi.

Yule mwanafunzi, heri yake, hakuandika niliyomwambia. Alivuta kiti akakaa. Akamuuliza bibi mara ya mwisho kulazwa ilikuwa lini. Bibi akasema alikuwa na miaka sita. Walimpeleka kwa ndege kwa ajili ya kifua kikuu, akakaa miaka mitatu bila kumwona mtu wa kwao. Aliporudi, mama yake alimpokea akamsemesha, na yeye hakuelewa hata neno moja. Lugha ilikuwa imetoka.

Mimi nilisimama pale na faili mkononi. Nilikuwa na vipimo vyake vyote vya sukari vya miaka miwili.

Tukaomba muuguzi wa nje amsafishe kidonda nyumbani kwa binti yake. Alipoteza vidole viwili, mguu ukabaki.

Mtanisamehe nikiwarudisha nyuma zaidi, maana yule bibi hakuwa peke yake. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Kanada ilikuwa na meli, jina lake C.D. Howe, iliyozunguka vijiji vya Wainuit kule kwenye barafu ya mashariki. Meli ina daktari, ina eksirei. Watu wanapandishwa, wanapigwa picha za kifua, wanachorwa namba mkononi. Aliyekutwa na kifua kikuu mara nyingi hakuruhusiwa kushuka tena. Hata kwenda kumuaga mtoto. Hata kuchukua nguo. Meli inaondoka naye kwenda kusini, Hamilton, Québec, kwenye sanatoria, yaani hospitali za kifua kikuu, ambako hakuna anayejua lugha yake. Kufikia mwaka 1956, Muinuit mmoja kati ya kila saba alikuwa amelazwa huko kusini. Mmoja kati ya saba! Hesabuni meza mliyokaa. Wengine walifia huko wakazikwa, na ndugu zao hawakuambiwa kaburi liko wapi. Waziri Mkuu aliomba radhi Iqaluit mwezi wa Machi 2019, wakati huo bado wapo wazee wanaotafuta kaburi la mama.

Kifua kikuu tunakijua. Wapo humu wenye ndugu waliotibiwa Kibong'oto, kule Siha. Mgonjwa alitengwa, ni kweli, lakini ndugu walijua njia ya kwenda, na akifa walijua pa kuweka mchanga. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muione. Dawa ilikuwa sahihi. Eksirei ilikuwa sahihi. Na bado watu walijifunza kuikimbia meli.

Sasa nauliza: wale madaktari wa melini walisoma wapi? Walisoma vyuo vizuri, vyuo hivihivi ambavyo watoto wetu wanaomba nafasi.

Tuje kwenye shule za bweni. Zaidi ya karne moja, watoto wa wenyeji wapatao 150,000 walipelekwa kwenye shule za serikali zilizoendeshwa na makanisa ili wasahau lugha na wazazi wao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, wakati baadhi yetu tunasoma sekondari. Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, alizikagua shule za huku magharibi. Kati ya wanafunzi 1,537 ambao taarifa zao zilipatikana, karibu robo walikuwa wamekufa, wengi kwa kifua kikuu. Akaandika. Akasema hewa ni mbaya, watoto wamebanana, wagonjwa wamechanganywa na wazima. Serikali ikamsikiliza? Ilimweka pembeni. Mwaka 1922, akiwa amestaafishwa, alichapisha kijitabu na kuliita jambo hilo jinai ya taifa. Kwa hiyo msije mkaambiwa kwamba zamani watu hawakujua. Walijua. Aliyejua zaidi alikuwa daktari, na waliomnyamazisha walikuwa na wataalamu wengine wa afya wa kuwashauri.

Tena kuna hili, nalo nitalipita haraka kwa sababu kila nikilisema tumbo hunikata. Mwaka 1942 watafiti walifika kwa Wacree wa kaskazini mwa mkoa huu wetu wakakuta watu wana njaa. Dawa ya njaa ni nini, wanangu? Chakula. Wao wakawapa baadhi vitamini, wengine wasipewe, wapate kulinganisha. Baada ya hapo wakaenda kwenye shule sita za bweni, kati ya 1948 na 1952. Katika shule moja watoto waliachwa miaka miwili kwenye kipimo cha maziwa ambacho watafiti wenyewe walijua hakifiki nusu ya kinachohitajika. Matibabu ya meno yakazuiwa, maana fizi zilikuwa sehemu ya vipimo. Nchi nzima ilikuja kulisikia mwaka 2013, mwanahistoria Ian Mosby alipoyatoa kwenye makabrasha. Na hao watafiti walisoma wapi?

Mnaweza kuniambia, mama, hayo ni ya zamani. Haya, twende karibu. Twende hapahapa Winnipeg.

Septemba 2008. Brian Sinclair, mwenyeji wa asili, umri miaka 45, amekatwa miguu yote miwili, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mpira wake wa mkojo umeziba. Kliniki imemwandikia barua, anakuja idara ya dharura ya hospitali kubwa ya mji. Anafika kwenye dawati, anaongea na mfanyakazi, anasogezwa pembeni. Jina lake haliingii kwenye orodha. Anakaa. Zamu inabadilika. Anakaa. Anatapika, analetewa beseni. Anakaa. Watu waliokuwa wakisubiri wanawaambia wahudumu, yule bwana hayuko sawa. Zamu inabadilika tena. Baada ya saa 34 wanagundua kwamba amekufa, na amekufa muda, mwili umeshakakamaa. Alihitaji nini? Mpira mpya na antibayotiki. Kazi ya nusu saa. Kila muuguzi humu ndani anaweza kuifanya.

Uchunguzi ulipofanyika, baadhi ya wafanyakazi walieleza kwamba walidhani amelewa, au hana pa kulala amekuja kujikinga na baridi. Hakuna aliyesema anamchukia. Hilo ndilo linalonitisha mimi. Ingekuwa chuki, tungemtafuta mwenye chuki tumfukuze kazi. Lakini watu wengi wazuri walipita mbele ya mtu anayekufa, na kila mmoja alikuwa na jibu kichwani kabla ya kuuliza swali. Jibu hilo walilipata wapi? Wapo waliolipata kama mimi nilivyolipata, kwenye kukabidhiana zamu.

Na miaka 12 baadaye, Joliette, Québec, mwezi huohuo wa Septemba. Joyce Echaquan, Mwatikamekw, mama wa watoto saba, akiwa kitandani anaumwa, alifungua simu akarusha moja kwa moja matusi aliyokuwa akitukanwa na wahudumu. Siku hiyohiyo akafa. Mchunguzi wa vifo alisema wazi kwamba ubaguzi ulichangia. Watu wake wakaandika madai yao wakayaita Kanuni ya Joyce: mwenyeji apate huduma zote za afya bila kubaguliwa. Mnaona ni dai kubwa hilo?

Sasa tuje darasani.

Wakenya mliomo humu mnazijua tume za ukweli na maridhiano. Mnajua zinavyoandika ripoti nene, na mnajua ripoti hizo zinavyokaa kabatini. Ya hapa, iliyochunguza habari ya shule za bweni, ilikuwa chini ya Jaji Murray Sinclair, Muanishinaabe wa mkoa huuhuu, aliyefariki Novemba 2024. Mwaka 2015 ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua. Wa 23 unataka wenyeji zaidi wafunzwe kazi za afya na wabaki kazini. Wa 24 unazitaka shule zote za udaktari na uuguzi zimlazimishe kila mwanafunzi kusoma somo la afya ya wenyeji: shule za bweni, mikataba, haki zao, tiba zao, na namna ya kupinga ubaguzi. Kila mwanafunzi. Asiachiwe anayependa tu.

Kwa nini ilibidi kulazimisha? Sikilizeni hii. Sheria ya Wahindi, ndivyo serikali ilivyowaita wenyeji, ya mwaka 1876 ilisema mwenyeji akipata shahada ya udaktari anahesabiwa raia wa kawaida, hadhi yake ya kisheria kama mtu wa taifa lake imekwisha. Kifungu kililegezwa baadaye, lakini fikirieni maana yake. Mama wa kijijini anamsomesha mwanawe awe daktari aje awatibu, na siku ya mahafali sheria inasema huyu si wenu tena. Edith Monture, Mmohawk wa Ontario, alitaka kuwa muuguzi. Shule za Kanada zikamfungia mlango. Akaenda New Rochelle, jimbo la New York, akamaliza mwaka 1914, akaenda Ufaransa kuwauguza askari wa vita vikuu. Aliishi zaidi ya miaka 100. Leo wenyeji ni kama asilimia 5 ya watu wa nchi hii, na madaktari wenyeji hawafiki asilimia 1. Tusishangae, shule zilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu.

Yapo yanayofanyika. Chuo Kikuu cha Manitoba kiliomba radhi mwaka 2011 mbele ya tume, kwa sehemu yake katika habari ya shule za bweni, na tangu 2017 kina taasisi ya afya na uponyaji ya wenyeji, Ongomiizwin, jina la Kianishinaabe lenye maana ya kusafisha njia kwa ajili ya vizazi vijavyo. Chama cha Madaktari cha Kanada nacho kiliomba radhi Septemba 2024. Chama hicho kilianzishwa 1867, kwa hiyo fanyeni wenyewe hesabu ya miaka. Lakini ninalolipenda mimi ni la shule ya udaktari ya kaskazini mwa Ontario, ile ya Sudbury na Thunder Bay iliyofunguliwa 2005. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, atake asitake, anakwenda kuishi wiki nne kwenye jamii ya wenyeji. Analala huko, anakula huko. Daktari mmoja kijana aliniambia wiki yake ya kwanza hakugusa mgonjwa, alipasua kuni na kuosha vyombo, na hasira zikamshika kwa sababu alilipa ada kubwa. Wiki ya tatu mzee mmoja akaanza kumsemesha. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ada yako ilifanya kazi wiki ya tatu.

Ninayoyaogopa? Naogopa ile saa moja ya historia, slaidi kumi, ngoma ikapigwa, wanafunzi wakapiga makofi, mtihani ukawa wa kitu kingine. Mwanafunzi mmoja mwenyeji alinieleza, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba kila likitajwa jambo la wenyeji darasa zima linageuza shingo kumtazama. Ana umri wa miaka 23, ametoka mjini, kesho ana mtihani wa figo kama wengine, na anatakiwa awe msemaji wa mataifa yote kuanzia bahari hadi bahari. Kutenga nafasi za masomo ni rahisi, wanangu. Kazi iko korido. Kazi iko kwenye maneno tunayoyasema mgonjwa akiwa hasikii.

Muuguzi Mmaori wa New Zealand, Irihapeti Ramsden, ndiye aliyewafundisha wauguzi wa kwao jambo linaloitwa usalama wa kitamaduni, na likaingia kwenye mitaala yao tangu miaka ya 1990. Kiini chake ni kwamba anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa. Wewe muuguzi huwezi kujipa alama.

Na sisi Waswahili tuna neno la kusema hapa. Kwenye hospitali nyingi za hapa mgonjwa mwenyeji anaweza kuomba kufukizwa kwa majani makavu, moshi ukampitia kichwani na kifuani. Mwaka jana dada mmoja wa kwetu alinilalamikia: "Mama, wanachoma majani hospitalini, mambo ya kienyeji hayo." Nikamtazama. Huyu dada nyumbani kwake kuna chetezo. Ana ubani, ana udi, mtoto wake alipofikisha siku arobaini chumba kizima kilikuwa moshi mtupu, nami nilikuwapo! Neno "kufukiza" ni letu, hatukuazima. Nani alimfundisha kwamba moshi wake ni heshima na moshi wa mwenyeji ni ushenzi? Haya, nasi tulisoma wapi?

Tunajua kusalimu kabla ya kuuliza shida. Hilo halihitaji kozi. Kwa Mcree sema tansi, kwa Muanishinaabe sema boozhoo, kisha subiri. Usiangalie saa. Mzee akinyamaza ujue hajamaliza.

Nimeona mwenyekiti ananionyesha saa yake, basi nimalizie kwa tangazo. Mzee mmoja wa Shoal Lake 40 amekubali kutupokea Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, na siku hizi barabara inafika kijijini kwenyewe, ilifunguliwa 2019. Karatasi ya majina iko pale mlangoni kando ya birika la chai. Basi lina viti 24 tu, wanafunzi waandikishe kwanza, sisi wenye magari tutajipanga. Kwa desturi ya huko mtu haendi kumuuliza mzee mambo mikono mitupu, anampelekea tumbaku. Tumbaku nitanunua mimi. Ninyi njooni na makoti, na maswali yaacheni nyumbani kwa siku ya kwanza.